Matofali Yaliyoanikwa Kama Dagaa

Asubuhi niliyoondoka Kasulu sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na begi lenye mwiko, timazi, uzi na shati moja la kubadili, nikasimama barabarani nikijiambia kwamba gari la kwanza kusimama litaniamulia. Likasimama lori la maharage. Dereva akauliza, "Mzee, unakwenda wapi?" Nikamuuliza yeye anakwenda wapi. "Kigoma." Nikamwambia, "Basi na mimi ndiko ninakokwenda." Akachungulia nyuma yangu kuona kama kuna askari ananifuata.

Nawaambieni hili mapema, vijana, msije mkadhani mnasikiliza maneno ya mtu aliyepanga maisha yake. Shule niliiacha darasa la tano. Ada haikunishinda wala sikuugua, ila dirisha la darasa letu lilitazama barabara. Uashi nilijifunza kwa kuzunguka. Nimejenga Kibondo, Uvinza, Mpanda, na mahali pengine ambapo majina yake nimeyasahau lakini udongo wake naukumbuka. Nilikaa kila mahali mpaka nikajua nilichotaka kukijua, kisha nikaondoka. Sasa magoti yamegoma kupanda jukwaa, ndiyo maana mnanikuta nimekaa.

Ninayotaka kuwasimulia ni habari ya wodi moja ya wazazi. Mara nyingi nawasikia mkisema mtaa haufai kupewa fedha za umma mkononi, kwamba zitaliwa au zitaharibiwa. Kuliwa sikuona. Kuharibiwa niliona, na mmoja wa walioharibu ni mimi. Lakini mkinikatiza hapo mtakuwa mmesikia nusu, na nusu yenyewe ndiyo mbaya.

Lori lilinishusha mjini, nikateremka kwa miguu mpaka Kibirizi kwa sababu nilitaka kuona jinsi mafundi wa mitumbwi wanavyoshindilia pamba katikati ya mbao ili maji yasipite. Nilisimama karibu na fundi mmoja nikamuuliza maswali mpaka akanipa nyundo yake, nadhani ili ninyamaze. Pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, ndipo nilipomwona Mama Riziki kwa mara ya kwanza. Alikuwa mama wa makamo, kanga imefungwa kiunoni, ananunua dagaa wakavu kwa ndoo. Muuzaji alikuwa amepanga ndoo zake vizuri, dagaa wa juu wanang'aa kama sindano. Mama Riziki hakuwatazama wa juu hata kidogo. Alipenyeza mkono ubavuni mwa ndoo mpaka kiwiko kikapotea, akatoa ngumi ya dagaa wa chini, akawavunja karibu na sikio lake.

"Wa juu wamekauka," akamwambia muuzaji. "Wa chini bado wanaogelea."

Watu wakacheka. Muuzaji akaapa kwa mama yake. Mama Riziki akamwambia mama yake anamfahamu, na naye alikuwa akifanya hivyo hivyo.

Juu kidogo ya mwalo kulikuwa na mtaa ambao jina lake nitaliacha, na ofisi ya mtaa huo ilikuwa chumba kimoja chenye ubao wa matangazo nje. Mimi husoma kila kilichobandikwa, hata karatasi ya mbuzi aliyepotea. Tangazo la siku ile lilisema kwamba fedha za kujenga wodi ya wazazi zimeingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati ya mtaa. Liliandika ni kiasi gani. Likaandika kwamba hakutakuwa na mkandarasi: mtaa wenyewe utanunua vifaa, utatafuta fundi na utasimamia kazi, na mhandisi wa manispaa atakuja kushauri na kukagua. Chini yake kulikuwa na majina ya kamati tatu za wakazi, moja ya ujenzi, moja ya manunuzi, moja ya mapokezi, yaani wale wanaokagua kila kifaa kabla hakijakubaliwa.

Nilimuuliza bwana aliyekuwa akiziba pancha ya baiskeli pembeni, "Huyu mwenyekiti wa mapokezi ni nani?"

"Mama Riziki. Anauza dagaa."

Nilicheka, Mungu anisamehe. "Na mwenyekiti wa mtaa?"

"Ni mimi," akasema, akaendelea kuziba pancha. Huyo ndiye Gervas.

Walinihoji siku ya pili, kamati ya ujenzi na ya mapokezi wameketi kwenye benchi za zahanati. Gervas akaanza kwa upole wa kiofisi.

"Karibu, Mzee. Umetoka wapi?"

"Kasulu."

"Kabla ya Kasulu?"

"Kibondo."

"Kabla ya Kibondo?"

"Mwache, mwenyekiti," akadakia Mama Riziki, "utamfikisha kwa Adamu. Mimi nina swali moja tu. Baba, utakaa mpaka paa lipande, au utatuachia msingi na barua?"

Nikasema nitakaa. Akanitazama begi, akanitazama viatu, viatu vyangu vikamjibu ukweli. "Tutamwita Fundi Safari," akasema, na jina likanikaa tangu siku hiyo.

Baadaye Gervas alinieleza kwa nini swali lile lilikuwa zito kwa yule mama. Mdogo wake Mama Riziki alijifungulia njiani, juu ya pikipiki, kabla ya kufika hospitali ya mjini. Ndiyo maana fedha zilipokuja, na mhandisi akauliza kwenye mkutano kama mtaa utaweza au uletewe mkandarasi, ni Mama Riziki aliyesimama. Alisema, "Tunaweza." Wengine walikuwa wanaangalia chini. Mhandisi akakubali, lakini akaonya: kazi ikiharibika, manispaa itaichukua na kumpa mkandarasi, na wao watabaki watazamaji. "Kwa hiyo unaona," Gervas akaniambia, "hapo tumeweka neno lake rehani. Tukishindwa, hakuna atakayesimama tena mtaa huu kusema tunaweza. Hata kwa choo."

Sasa niwafundishe jambo la mchanga, maana nyie mnanunua mchanga kwa macho.

Aliyenifundisha mimi ni Mzee Bukuru, mwashi aliyevuka kutoka Burundi akiwa kijana na akafia huku Kasulu. Alikuwa na chupa moja ya kioo aliyoitunza kuliko redio yake. Unatia mchanga nusu, unajaza maji, unatikisa, unaiacha itulie. Mchanga unashuka kwanza, matope yanakaa juu yake kama utando. Utando ukiwa mnene, rudisha mchanga huo kwa aliyeuleta. Mzee Bukuru alikuwa akisema, "Mchanga ni kama mgeni, mpe muda atulie ndipo utajua tabia yake." Miaka yote nilitembea na akili ya chupa ile, na nikajiona mjuzi.

Lori la kwanza la mchanga lilipofika, nilitafuta chupa yangu. Kabla sijaiona, Mama Riziki alikuwa ameshapanda juu ya gurudumu, kanga imekazwa, mkono wote umezama ubavuni mwa shehena mpaka begani.

Dereva akamcheka. "Mama, hao si dagaa, ni mchanga!"

"Najua. Dagaa hawana mizizi." Akautoa mkono, na kiganjani kulikuwa na udongo mwekundu wenye vijiti. Juu mchanga safi, katikati udongo wa kujazia. "Rudi nao ulikoutoa, mwanangu. Na ukija tena pitia kwangu nikupe chai, naona umechoka kuchimba sehemu mbili."

Dereva akaniita mimi, mwanamume kwa mwanamume: "Mzee, wewe ndiye fundi, waeleze basi." Nikamwambia mimi ni fundi tu, wenye kazi ndio hao. Nilisema hivyo kukwepa ugomvi. Sikujua bado kama ni kweli. Chupa yangu niliitoa baadaye nikawaonyesha, na wote wa kamati wakaipenda, lakini nilibaki na aibu ndogo moyoni. Chupa inapima mchanga uliotiwa. Ni mkono wa mchuuzi unaojua pa kuuchota.

Nimefanya kazi pia chini ya wakandarasi, na lazima niwaambie moja. Ilikuwa darasa la shule, mbali na hapa. Matofali yalikuja mabovu, ukiyakwaruza kwa msumari yanatoa unga. Nikamwambia bosi. Akanijibu, "Wewe unalipwa kujenga au kukwaruza?" Tukajenga. Kisha nikapewa kazi ya lipu, na nilipiga lipu nzuri sana, laini kama kauri, watu wakaisifu. Wazazi wa wale watoto walipita pale kila siku. Hakuna aliyeingia kuuliza, kwa sababu kazi haikuwa yao. Ubao wenyewe pale nje ulikuwa na jina la kampuni ya mbali. Mimi nilinyamaza, nikachukua changu, nikaondoka asubuhi moja kama kawaida yangu. Nimepita mbali na shule ile kila mara tangu hapo. Sitaki kujua.

Pale mtaani hata kokoto zilikuwa na wenyewe. Mzee mmoja alikuja kila alasiri na kigoda chake kuhesabu mistari ya msingi. Wapagazi wa mwaloni walikuwa wakipita na magunia kichwani, wanasimama, wanauliza, "Fundi Safari, leo umefika wapi?" Nilizoea kuulizwa hivyo nikiwa barabarani, si nikiwa kazini. Nilianza kuipenda ile hali bila kujitambua.

Tukafyatua matofali ya saruji wenyewe, pale pale kiwanjani, kwa mashine ya mkono. Mchanga ulikuwa safi, saruji mpya, kipimo nilikisimamia mwenyewe kwa toroli. Tulimaliza fungu la kwanza, safu kwa safu, na lilipendeza macho. Ndipo miguu ikaanza kuniwasha.

Matofali yanahitaji siku kadhaa kukomaa kabla ya kujengewa. Nikajiambia, siku hizo nikae nikifanya nini? Kulikuwa na boti inayokwenda vijiji vya kusini, na sikuwa nimewahi kuona milima ile inavyoingia ziwani. Nikawaaga. "Narudi baada ya siku sita. Matofali yabaki hapa."

"Nenda salama," akasema Mama Riziki. "Tutayalinda kama yetu."

Hayo ndiyo maneno yote tuliyozungumza. Sikuwaambia jambo ambalo kila mtoto wa fundi analijua: tofali la saruji hukomaa kwa maji. Unalimwagilia asubuhi na jioni, unalifunika kwa magunia mabichi lisichomwe na jua. Katika kazi zangu zote hilo lilikuwa likifanywa na vibarua, bila kuagizwa na mtu, na kitu usichowahi kuagiza hukumbuki kukiagiza. Na sikujiuliza hata mara moja kwamba wale niliowaachia ni watu ambao maisha yao yote adui wao ni maji. Dagaa akinyeshewa ameoza. Mwanamke wa Kibirizi akiona wingu, anakimbia.

Nilirudi siku ya sita, nimeshiba milima. Kwa mbali nikaona kiwanja kimefunikwa maturubai. Mama Riziki na wenzake walikuwa wamesimama wakinisubiri, na nyuso zao zilikuwa za watu waliopika vizuri.

"Fundi Safari! Njoo uone. Hakuna tone lililoyagusa."

"Mvua ilinyesha?"

"Mara mbili! Tulifunika kabla haijafika. Jua likitoka tunafunua. Na mchana tuliyageuza, upande huu na upande huu, yakauke sawasawa. Kila mtu na zamu yake."

Waliyageuza. Matofali yale yote, mazito vile, moja moja, kama dagaa kwenye chanja.

Nikaokota moja. Lilikuwa jeupe na jepesi. Nikachukua jingine, nikayagonganisha. Tofali zuri hulia kama chuma. Haya yalitoa sauti ya mkate mkavu, na pembe ya moja ikamwagika kwenye viatu vyangu. Nikakaa chini juu ya safu, ikabonyea.

"Kuna nini, baba?" akauliza Mama Riziki, na sauti yake ilikuwa imeshajua.

Nikawaeleza. Nilieleza polepole nikitazama ardhi. Nilipomaliza, mmoja wao akasema kwa Kiha, "Yemwe!" akajifunika uso na kanga. Tulijaribu kuyaokoa kwa maji siku ile na iliyofuata. Machache yaliongezeka nguvu kidogo. Mengi yalikuwa yamekufa.

Tukakutana ofisini, Gervas, Mama Riziki na mimi. Gervas alifunga mlango, jambo ambalo hakulifanya kamwe kwa sababu chumba kile ni cha moto.

"Mhandisi anakuja Alhamisi," akasema. "Akiyaona haya, kazi inaondoka." Akanigeukia. "Fundi, hakuna njia ya kuyatumia tu? Tukipiga lipu nzito?"

Njia ilikuwepo. Niliijua kuliko mtu yeyote katika mkoa ule. Nikawaambia hivyo hivyo: "Njia ipo. Niliwahi kuifanya. Haitaonekana kwa miaka mingi, labda kumi, labda mitatu."

Mama Riziki akaniuliza, "Uliifanya wapi?"

"Shuleni."

"Na wewe unalala?"

Akasimama. "Mimi naingiza mkono kwenye ndoo za watu mbele ya mwalo mzima. Leo nifunike zangu? Mwenyekiti, itisha mkutano. Kabla ya Alhamisi."

"Mama Riziki, watakurarua."

"Watanirarua wakiwa wanajua wanachorarua."

Mkutano ulifanyika alasiri, kwenye uwanja wa zahanati, na watu walijaa maana habari ya matofali ilikuwa imeshatembea. Mhandisi naye alikuja. Gervas alimpigia simu mwenyewe. Mhandisi alikuwa kijana mpole mwenye daftari. Mama Riziki akapita mbele amebeba tofali kifuani kama mtoto. Hakutoa hotuba. Alilinyanyua mpaka usawa wa uso, akaliachia. Likapiga ardhi likawa rundo.

Sauti ya kijana ikatoka nyuma: "Hilo ni tofali au ni andazi?"

"Ni dagaa!" mwingine akajibu. "Si mwaona lilianikwa?"

Kicheko kikapasuka. Mama Riziki alisubiri kiishe, mikono kiunoni. "Chekeni. Nimekosea mimi na kamati yangu. Tuliyanyima maji tukidhani tunayatunza. Nimekuja niwaambie kabla hamjaambiwa na mtu mwingine."

Nikasimama na mimi, nikasema kwamba kosa la kwanza ni langu. Niliondoka kutazama milima bila kuwapa agizo. "Haya, umeiona milima?" mtu akauliza. Nikasema nimeiona. "Ikoje?" Nikasema ni mizuri. Wakacheka tena, lakini safari hii walicheka nasi.

Yule mzee wa kigoda hakucheka. "Mimi nilisema tangu mwanzo," akasema. "Kazi hii ina wenyewe, wamesomea. Warudishieni manispaa." Na vichwa kadhaa vikaitikia. Wote tukamgeukia mhandisi.

Alifunga daftari lake. "Katika kazi yangu," akasema, "matofali mabovu huwa nayatafuta mimi. Nagonga, nakwaruza, nadanganywa. Leo ni mara ya kwanza naitwa na mjenzi ili anionyeshe." Akatazama rundo. "Nilisema kazi ikiharibika tutaichukua. Hapa yameharibika matofali. Kazi sijaona imeharibika. Fedha za kuyafidia ziko kwenu, na mtazitoa wapi ndani ya kazi hii ni uamuzi wa mkutano huu. Mkinipa jibu la maana, naliandika. Msiponipa, namwita mkandarasi."

Vijana, nimeshakaa mikutano mingi kwa udadisi tu, hata ya vyama nisivyo mwanachama. Sijaona mkutano kama ule. Ulidumu mpaka jua likakaribia Kongo. Walipekua mchoro wa wodi kitu kwa kitu kama watu wanaogawana samaki. Dari? Inabaki, joto la bati litawaua wazazi. Shimo la maji machafu? Linabaki. Vigae vya sakafu? Hapo ubishi ukawaka. Yule mzee wa kigoda akasema wodi bila vigae ni ghala. Mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa akainuka kwa shida, akasema, "Babu, mimi sitajifungulia sakafuni. Nipe ukuta usioanguka." Mikono ikainuka. Vigae vikaondolewa, sakafu ikawa ya saruji iliyosuguliwa, na fedha za vigae zikanunua saruji ya matofali mapya. Wapagazi wakajitolea kubeba mchanga baada ya kazi zao. Mimi nikasema ufundi wa kufyatua fungu la pili sitalipwa. Hakuna aliyebisha, jambo lililoniuma kidogo.

Na yale yaliyokufa? Hapa kuna elimu, ishikeni: tofali lililoharibika halitupwi. Tuliyaponda tukayashindilia chini ya sakafu badala ya kununua mawe. Ukiingia wodi ile leo unakanyaga kosa letu, na limekaza vizuri kabisa.

Fungu la pili lilipomwagiliwa maji, mwe! Walishika zamu za maji kama walivyoshika zamu za jua. Kila mwanamke alikuwa na safu yake, ndoo zinapanda kutoka ziwani asubuhi na jioni, na waliteta safu ya nani imekauka pembeni. Jirani mmoja aliamka akakuta mwenzake amemwagia na safu yake, akaja ofisini kulalamika kwamba ameibiwa zamu. Gervas akawasuluhisha akiwa na gurudumu mkononi. Siku ya kukagua, mhandisi aligonga matofali mawili, yakalia. Akagonga mengine. Yakalia. Mama Riziki alikuwa amefumba macho anasikiliza, kama anavyosikiliza dagaa.

Sisemi kila kitu kilikwenda kama maji. Rangi ya kuta ilitugharimu mikutano miwili. Mlango mmoja tuliuweka unafungukia upande mbaya na tukaurudia. Lakini niwaambie nilichokiona, maana nimejenga chini ya wengi: pale kila kosa lilikuwa na mtu wa kuliona na mtu wa kulisema, na fedha ya kulirekebisha ilikuwa karibu, haikuhitaji kusafiri kwenda kuombewa ruhusa kwa mtu asiyelijua kosa lenyewe. Mtaa ulijifunza kazi kwa tofali moja. Mimi nilihitaji maisha mazima.

Paa lilipanda. Nilikaa mpaka likapanda. Viatu vyangu viliaibika. Mtoto wa kwanza kuzaliwa mle ni wa yule mama aliyemjibu mzee wa kigoda, na mzee mwenyewe alikwenda kumtazama, akarudi akisema sakafu inateleza kidogo lakini kuta ni safi.

Wiki hiyo Gervas akapata habari kwamba kijiji kimoja huko juu, Kalinzi, kimepata fedha zake za kujengea madarasa, na watu wanahangaika kutafuta fundi. Sikusubiri barua. Mama Riziki alinikuta nafunga begi.

"Ukifika," akasema, "usiwaambie tulichojenga. Kila fundi anajua kusimulia hilo. Waambie tulichoharibu."

Nilipanda pikipiki mpaka njia ikamshinda dereva, nikamalizia kwa miguu kati ya migomba na kahawa, ziwa likizidi kushuka nyuma yangu. Baridi ya huko ni ya kweli. Mchana ulikuwa bado mrefu nilipofika, nikaelekezwa kwa Mama Yustina, mjane mwenye shamba la kahawa na chumba cha kupangisha, ambaye pia alikuwa kwenye kamati yao ya ujenzi. Tulisalimiana, akaniuliza habari za njia, akanifungulia chumba: kitanda, blanketi mbili, harufu ya kahawa kutoka ghala la jirani. Tukapatana bei mlangoni.

"Sasa, Mzee," akasema, ameegemea fremu, "umeshajenga nini sisi tukuamini?"

Nikavuta pumzi, nikamweleza. Nilianza na maturubai, zamu za kugeuza, mvua mara mbili na hakuna tone. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Kadiri nilivyoendelea ndivyo mkono wake ulivyopanda mdomoni.

"Ni nini, mama?"

"Sisi huku tunaanika kahawa," akasema taratibu. "Jana tumefyatua matofali ya kwanza. Yako nyuma ya nyumba, juani. Asubuhi nimeyageuza."

Nikatupa begi kitandani. "Jana tu?"

"Jana."

"Ndoo ziko wapi?"

Alikuwa ameshatoka mbio, anawaita majirani kwa majina, mmoja baada ya mwingine, walete maji.